Lamu au Diani? Namna ya Kuamua Kabla Hujalipa Nauli

Ikifika Novemba, makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya kazini huanza kuulizana: Krismasi hii tunashukia wapi, Lamu au Diani? Mmoja anatuma picha ya mchanga mweupe wa Diani, mwingine anajibu kwa picha ya mchanga mweupe wa Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani Lamu, na mjadala unakwama hapo. Lazima ukwame. Bahari ni moja, na ukikata picha vizuri hata mwenyeji atababaika kusema ni wapi.

Kinachotenganisha miji hii miwili hakionekani kwenye picha ya ufuo. Ni jioni zake, njia ya kufikia, na kazi itakayofanywa na miguu yako. Anza na hayo. Bei za vyumba ziangalie mwisho, ukishajua unatafuta chumba wapi.

Hatua ya kwanza: amua unataka jioni ya namna gani

Mchana wa likizo ya pwani hupita kwa namna moja kila mahali: unaoga, unakula, unalala. Tofauti huanza jua likishapoa.

Lamu, baada ya swala ya alasiri, mji wote hutoka nje. Pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, wazee hukaa kivulini kwa mazungumzo na bao. Watoto hujirusha majini kutoka ukingoni mwa bahari. Punda waliobeba matofali na mchanga tangu asubuhi hurudi zizini wenyewe, na wewe ndiye utakayewapisha, maana vichochoro vingine havitoshi watu wawili wanaopishana sembuse punda mwenye mzigo. Mwuza mishikaki anawasha makaa, mwuza kahawa anagonganisha vikombe. Hakuna tiketi na hakuna ratiba. Unakaa tu kwenye baraza ya mtu, unaitikia salamu, na saa mbili zimekwisha. Baada ya swala ya isha mji hupoa upesi. Mtu anayetaka muziki mpaka usiku wa manane atajiona amekosea njia. Bia inapatikana sehemu chache tu mjini, na nyingine Shela na kisiwa jirani cha Manda, lakini Lamu si mji wa baa na haujawahi kujitia kuwa.

Diani ni kinyume kabisa. Kwanza hakuna mji wa kutembea kwa miguu. Kuna barabara moja ndefu inayokwenda sambamba na bahari, hoteli na majumba upande wa ufuoni, maduka na mikahawa upande wa pili. Wenyeji wengi wanaishi Ukunda, kwenye barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Kwa hiyo jioni ya Diani hufanyika ndani ya mahali fulani: kando ya bwawa la hoteli, kwenye mkahawa wa ufuoni, au kwenye baa yenye muziki wa nguvu, na kutoka hapa hadi pale unapanda tuktuk. Anayependa kuvaa vizuri, kula chakula cha mezani na kucheza dansi mpaka kuche atapata vyote bila kuuliza mara mbili. Desemba hapo hapalali.

Ukishajua jioni yako ni ipi kati ya hizi mbili, nusu ya kazi umemaliza. Mimi nikiulizwa na wapenzi wawili wasio na watoto nawaambia Lamu bila kufikiri. Nikiulizwa na kundi la vijana wanaosherehekea kumaliza chuo, nawaambia Diani, wasije wakakesha wakilalamikiana juu ya paa la nyumba ya Lamu huku majirani wanaamka kwenda kuswali alfajiri.

Hatua ya pili: pima njia, si kilomita

Diani iko kilomita kama 30 kusini mwa Mombasa, na siku hizi kufika ni rahisi kuliko zamani. Kwa anayetoka Nairobi, treni ya SGR iliyoanza 2017 humchukua hadi kituo cha Mombasa kilichoko Miritini. Wageni wengi bado hudhani ni lazima waingie kisiwani Mombasa wakapange foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia upande huohuo wa Miritini, inavuka madaraja na kutokea barabara ya Pwani Kusini bila kugusa feri. Ukikodi teksi kituoni, mwambie dereva mapema kwamba unataka kupitia Dongo Kundu. Mwenye bajeti ndogo ataingia mjini kwa matatu, avuke feri kwa miguu bila malipo, kisha apande matatu ya Ukunda upande wa Likoni. Kwenye kituo cha Ukunda atapata tuktuk au bodaboda hadi mlangoni. Ndege ndogo pia hutua Ukunda kutoka Nairobi, safari ya takriban saa moja.

Tiketi za treni hununuliwa kwa simu kupitia *639#. Msimu wa Krismasi, Pasaka na shule zinapofungwa huisha mapema sana, kwa hiyo nunua ya kurudi siku ileile unayonunua ya kwenda. Watu wengi hukumbuka ya kwenda tu.

Lamu ni habari nyingine. Njia rahisi ni ndege. Inatua kisiwa cha Manda, unatembea hatua chache hadi jeti, na boti inakuvusha hadi mjini au Shela kwa dakika chache. Nauli yake ndiyo huwashtua watu, hasa familia ya watu watano.

Njia ya barabara ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa: Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, na hapo unaingia boti kwenda kisiwani. Kipande cha Garsen hadi Lamu kimetiwa lami, na ni raha kwa waliokijua kilipokuwa vumbi na matope. Hata hivyo, mambo mawili usiyapuuze. Kwanza ni usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kipande hicho cha bara kimekuwa na vizuizi vya polisi, na mabasi yamekuwa yakisindikizwa na askari. Mji wa Lamu wenyewe na Shela vimebaki vitulivu, shida imekuwa bara. Pili ni mto Tana. Mvua zikizidi, mto humwagikia barabara upande wa Gamba, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena mwaka uliofuata, na magari yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya basi, pigia simu mwenye nyumba utakayofikia umwulize hali ya barabara wiki hiyo. Usiulize kampuni ya basi pekee, maana kazi yake ni kuuza viti. Panda basi la alfajiri ufike kungali mchana, na usiwe na kikao cha kazi kinachokungoja kesho yake ya kurudi.

Kama likizo yako yote ni siku tatu na huna nauli ya ndege, achana na Lamu kwa sasa. Siku moja itakwenda njiani, nyingine itarudi njiani, na ile ya katikati utailala kwa uchovu.

Hatua ya tatu: angalia miguu ya unaosafiri nao

Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya magari. Hilo ndilo linaloupa raha yake, na ndilo linalomchosha bibi mwenye magoti mabovu. Kutoka jeti hadi nyumbani ni miguu. Hamali atakubebea sanduku kwa rukwama au kichwani, lakini wewe utajibeba. Njia zina mitaro ya wazi pembeni, mawe yasiyolingana, na mavi ya punda. Nyumba za zamani zina ghorofa mbili au tatu, ngazi zake zimesimama wima, hazina vishikio, na chumba kizuri chenye upepo huwa cha juu kabisa. Ukisafiri na mzee, mjamzito wa miezi ya mwisho, au mtu wa kiti cha magurudumu, uliza chumba cha chini na uombe picha ya ngazi. Picha ya kitanda itakuja yenyewe.

Watoto wadogo? Wengi hufikiri Diani ndiyo ya watoto, na kwa kuoga ni kweli. Mwamba ulio mbali kidogo na ufuo unavunja mawimbi, na ndani yake maji huwa ya kutulia. Shela mambo hubadilika kadiri unavyosogea. Karibu na kijiji maji ni ya mkondo kati ya visiwa, na mkondo huo huvuta. Ukiendelea kuzunguka kwenye ufuo ule mrefu wa takriban kilomita 12, mawimbi ya bahari kuu yanapiga moja kwa moja. Hakuna mlinzi wa kuogelea. Mtoto asiyejua kuogelea usimwachie Shela akacheze peke yake hata dakika moja. Lakini mtoto wa miaka saba na kuendelea, asiyeishi majini tu, Lamu humpa uhuru ambao hajawahi kuupata Nairobi, yaani mji mzima usio na gari la kumgonga.

Diani kuna adha ya namna yake, nayo ni vijana wa ufuoni, wale bichiboi. Ukitia mguu mchangani tu, mmoja anataka kukuuzia safari ya mashua, wa pili ngamia, wa tatu kinyago chenye jina lako. Si watu wabaya, wanatafuta. Jibu kwa Kiswahili, salimu vizuri, sema hapana mara moja kwa uso mkunjufu, na endelea kutembea. Anayesimama kueleza sababu amekwisha nunua.

Hatua ya nne: soma upepo na mwandamo wa mwezi

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi: joto, bahari safi, na wageni wengi. Kusi huingia Aprili pamoja na masika, hupiga hadi Septemba hivi. Mwezi wa Mei nyumba na hoteli nyingi, hasa Shela, hufunga kwa matengenezo. Julai na Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri lakini upepo ni mkali. Wanaocheza na tiara juu ya maji huko Diani wanaushangilia. Anayetaka kulala mchangani na kitabu hula mchanga, na ufuo huweza kujaa mwani uliotupwa na bahari. Kipindi nikipendacho mimi ni Oktoba na mapema Novemba, upepo ukiwa umepungua na bei hazijapanda.

Kalenda ya Kiislamu nayo itazame, hasa kwa Lamu. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi mjini hufungwa mchana. Ukienda, kodi nyumba yenye jiko na ufurahie usiku, maana futari ya Lamu, kwa tambi, kaimati na viazi vya karai, ni sababu tosha ya safari. Mfungo Sita, yaani Rabiul Awal, kuna Maulidi yanayozunguka Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija, na wageni humiminika kutoka pwani yote na ng'ambo. Vyumba huadimika. Ama ufuatane nao makusudi, ama uchague wiki nyingine.

Hatua ya tano: jua maji yanajaa saa ngapi

Hapa ndipo watu wa bara hupoteza likizo bila kujua walipoipotezea. Wanafika Diani, asubuhi saa nne wanavaa nguo za kuogelea, wanakuta bahari imekwenda. Imebaki miamba, mwani na vidimbwi. Wanalaumu hoteli.

Kanuni ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kukauka sana. Siku hizo pwani yetu maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka na kuwa maji mafu: yanajaa kama saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Sasa itumie. Kwa Diani, familia yenye watoto wanaotaka maji tangu asubuhi ichague wiki ya maji mafu. Waliofika wakati wa bamvua wafanye mambo ya nchi kavu asubuhi, waoge kuanzia saa nane. Au wavae viatu na kufuata maji kuelekea mwambani kutazama viumbe kwenye vidimbwi, wakichunga wale weusi wenye miiba mirefu, ambao mwiba wake ukivunjikia unyayoni utakukumbusha Diani mpaka urudi kazini.

Kwa Lamu maji huamua hata njia. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu kwa kufuata ukingo wa bahari, mwendo wa dakika 40 au zaidi kidogo. Yakijaa, sehemu za njia hufunikwa. Siku za bamvua, nenda kwa miguu asubuhi maji yakiwa yamepwa na urudi jioni kwa boti. Magofu ya Takwa kisiwani Manda ni kinyume chake, kwani mashua hupita kwenye mkono wa bahari kati ya mikoko, na maji yakipwa utabaki umekwama kwenye tope. Mwachie nahodha apange saa. Akikwambia tutoke saa tisa, si uvivu.

Hatua ya sita: fikiria siku moja ya kutoka

Siku ya tatu ufuo wowote huchosha. Diani imebarikiwa hapa. Kusini yake kuna Shimoni, unakopandia boti kwenda Hifadhi ya Kisite-Mpunguti kuogelea na samaki wa matumbawe na, ukibahatika, kuona pomboo, kisha kula kaa kisiwani Wasini. Upande wa bara kuna Shimba Hills, makao ya palahala, aina ya swala. Ndani ya Diani yenyewe utaona ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa. Na kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Unafungwa kaniki kiunoni, unaongozwa na mwenyeji, na picha unapiga pale tu unaporuhusiwa. Wengi hulipita wakikimbilia pomboo, na sioni kwa nini.

Lamu kutoka ni kwa tanga: Takwa, au Matondoni wanakounda majahazi, au kuvua na kuchoma samaki mchangani Manda. Kwa mwenye siku nyingi kuna Siyu na Pate.

Hatua ya saba: pesa

Diani kwa jumla ni rahisi kufika na ghali kukaa. Lamu ni ghali kufika na inaweza kuwa rahisi kukaa, mradi usilale Shela. Nyumba nzima ya mjini yenye mpishi, ikigawanywa na watu sita, mara nyingi hushinda vyumba vitatu vya hoteli. Wewe unatoa pesa ya soko, mpishi anarudi na samaki wa kupaka. Shela bei ni za Ulaya.

Kote kuwili beba kitambulisho na uulize bei ya wakazi wa Kenya. Wasipoulizwa hawasemi. Nauli ya boti, tuktuk na hamali patana kabla hujapanda. M-Pesa inakubalika karibu kila mahali, ila mashine za benki Lamu ni chache, kwa hiyo uwe na noti ndogondogo.

Mavazi: Diani vaa utakavyo ufuoni, ukienda Ukunda jifunike. Lamu mjini mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake, na nguo ya kuogelea ibaki ufuoni Shela. Leso moja kwenye mkoba humaliza shida hiyo.

Ukishindwa kuchagua

Kama una siku kumi na wote wamegoma kukubaliana, fanyeni yote mawili, lakini kwa mpangilio huu: Lamu kwanza, Diani baadaye. Safari ya Lamu ndiyo yenye mambo yasiyotabirika, mara mvua, mara ndege imechelewa, mara basi limezuiwa kizuizini. Ikikucheleweshea siku moja mwanzoni, unapunguza usiku mmoja Diani na hakuna kilichoharibika. Ukiiweka mwisho, utakwama Mokowe huku treni yako ya kurudi inaondoka Miritini. Kati ya miji hiyo miwili laleni usiku mmoja Malindi au Mombasa badala ya kuunganisha kwa siku moja. Na chumba cha Diani lipieni kwa masharti yanayoruhusu kubadilisha tarehe.